Homa ya Ambrose Tuckwell

Bandarini Portsmouth wafungwa walirundikwa ndani ya meli kuukuu zisizo na milingoti, na aliyeonja maisha ya humo aliomba apelekwe popote. Ambrose Tuckwell alikuwa na sababu kubwa zaidi. Mkewe, Keziah, alikuwa amekwisha kupelekwa Australia kwa kosa la kuiba shuka, naye Ambrose akaiba kondoo makusudi ili ahukumiwe kumfuata. Mdogo wake, Jabez, ndiye aliyemshika kondoo huyo miguu, wakahukumiwa pamoja.

Asubuhi ya ukaguzi wa watakaopelekwa Australia Ambrose aliamka na homa. Daktari wa meli ya safari alikagua ndimi, na mgonjwa hakuruhusiwa kusafiri. Basi Ambrose akaukwangua ulimi wake kwa ukingo wa kijiko cha bati mpaka utando mweupe wa homa ukabanduka, akauma meno asitetemeke. Daktari akautazama, akampitisha.

Jabez alijua yote, kwani ndugu hao walilala ubao mmoja, blanketi moja, na hata chawa wao walikuwa wa shirika. Walipokwisha kupandishwa meli ya Australia, ilikaa nangani ikisubiri upepo, na homa ikazidi.

"Kaka, mwambie daktari," Jabez alinong'ona. "Unaungua."

"Nikimwambia atanishusha. Keziah nitamwona wapi tena?"

"Kwani maiti ndiyo itamwona?"

"Nyamaza, mdogo wangu. Kesho itashuka."

"Haya. Basi geukia huko, usinipumulie."

Jabez alinyamaza kwa sababu alimpenda kaka yake, na hilo ndilo linalouma. Homa ya Ambrose ilishuka kweli, lakini ikamhamia Jabez, ambaye naye aliificha asije akamponza kaka. Siku upepo ulipoanza kuvuma, mabaharia walimkuta amekufa ubavuni mwa Ambrose, kifua kimejaa vipele vyekundu. Daktari akaitwa. Alimfungua Ambrose shati, akaona vipele vilevile vimeanza kufifia, akaamuru ashushwe.

Mashua ikawarudisha ndugu hao pamoja, mzima na maiti, kwenye lile gereza la majini. Kutoka huko Ambrose aliiona meli ikitandaza matanga na kuelekea aliko mkewe. Alilia kwa kwikwi, akimwita Keziah, akimwita Jabez. Hakika, mficha maradhi kifo humuumbua.