Pimbi na Taarifa ya Saa Sita

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa redio, na mdomo mpana umeikalia!

Haya, sogeeni. Na wewe acha kumfinya mwenzio, nimekuona.

Palikuwa na Redio Matopeni, na mtangazaji wake alikuwa Kiboko. Habari anasoma Kiboko. Salamu za wasikilizaji anasoma Kiboko. Matangazo ya misiba, Kiboko. Mpira, Kiboko. Hata akipiga chafya, chyaa! anaipigia hewani, isije ikapotea bure.

Na palikuwa na mwanagenzi, Pimbi, mdogo wa umbo, miguu haitulii. Alikuja kujifunza utangazaji, na Mama Twiga, mkuu wa redio, alimwambia siku ya kwanza: "Mwanangu, una mwezi mmoja. Mwanagenzi ambaye sauti yake haijasikika hewani mpaka mwezi uishe, anarudi kwao." Kwao Pimbi ni majabalini, na huko alishaagwa kwa vigelegele. Atarudi na uso gani?

Basi kila asubuhi Pimbi anazunguka kutafuta habari, chaka-chaka, chaka-chaka. Anaandika. Anafuta. Anaandika tena. Anabisha mlango wa studio, ko-ko-ko.

"Bosi, leo nisome?"

"Kesho, Pimbi, kesho. Lete karatasi."

Kiboko anainyakua, anajitupa kitini, puu! Taa nyekundu inawaka, naye anasoma. Akimaliza anasema, "Mwandishi na msomaji ni mimi, Kiboko!"

Siku moja Pimbi akamuuliza, "Bosi, mbona hupitii karatasi kwanza?"

"Kupitia ni kwa wanafunzi," Kiboko akamjibu. "Sisi wakongwe tunasoma papo kwa papo!"

Kesho yake, ko-ko-ko. "Bosi, leo nisome?" "Kesho, Pimbi, kesho. Lete karatasi." Nyaku! Puu!

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Pimbi hali, halali. Akikaa, anasimama. Akisimama, anakaa. Hasira imemjaa mpaka masikioni, na hofu juu yake. Zikabaki siku mbili, ikabaki moja, ikabaki leo.

Siku hiyo ya mwisho Pimbi akaandika taarifa ya saa sita, kisha akaikumbatia kifuani.

"Lete karatasi," akasema Kiboko.

"Aa, bosi, hii hapana! Hii tamu mno. Nakuomba, niachie mwenyewe."

"Tamu?" Macho yakamtoka Kiboko. "Tamu, halafu uisome wewe? Lete huku!"

Nyaku! Puu! Taa nyekundu ikawaka. Pimbi akajibana ukutani, moyo du-du-du.

"Hii ni Redio Matopeni," Kiboko akanguruma. "Sasa ni saa sita kamili. Maji ya mto yamepungua, mamba wanalalamika. Nyani wamevamia shamba la mihogo, ngiri anakanusha kuwatuma. Na sasa, wasikilizaji, mimi Kiboko nakiri kwamba habari zote mlizosikia mwezi huu zimeandikwa na mwanagenzi wetu, Pimbi. Kuanzia leo taarifa ya saa sita ni yake, na hivi sasa nainuka nimpishe ki..."

Akanyamaza. Akageuza karatasi. Nyuma hamna kitu.

Studio kimya. Na mjue, mtangazaji anaogopa kimya kuliko anavyoogopa simba, maana redio ikinyamaza watu wanadhani imekufa. Mlangoni ikachungulia shingo ya Mama Twiga.

"Hapa kwetu, lililosemwa hewani limesemwa," akanong'ona. "Bwana Kiboko, inuka."

Kiboko akainuka. Pimbi akarukia kiti, miguu inaning'inia, inatikisika tiki-tiki-tiki. Akasogelea kipaza sauti, akasema, "Mimi naitwa Pimbi," na kule majabalini mama yake akaangusha mwiko.

Hadithi yangu imezimika hapo. Ikikunogea, mgawie jirani. Isipokunogea, nirudishie nimpe mwingine.

Na fundisho lake ni hili, watoto wangu: mwanagenzi mwema hana haraka, hamchezei mkubwa wake, anakaa kitako anangoja kesho. Kama mnabisha, mwulizeni Pimbi. Ila msimwulize saa sita, yuko hewani.