Vyungu Vilivyomfuata Bi Mize

Sogeeni, hadithi imefika mlangoni. Zimwi lilimpa Bi Mize, muuza vyungu, tanuri la ajabu: ukiliomba, vyungu hutoka. "Ila visivyouzwa vitakufuata nyumbani," likamwonya.

Gulio la kwanza akaomba vya kutosha mtaa, vikaisha. La pili vya kutosha kijiji, vikaisha kwa shida. La tatu akaomba vya kutosha nchi nzima, akasahau kuwa chungu kizuri hudumu miaka, na kila jiko lilikwishapata chake.

Jioni vikamfuata njiani, vikigongana, vikiuliza, "Mama, wa kutununua nani?" Majirani wakatoka kutazama. Bi Mize akajifunika kanga usoni.

"Gulio lijalo nikupe vingapi?" zimwi likauliza.

"Ngoja kwanza nikaulize nani kavunjikiwa," akajibu.

Nimemaliza. Anayecheka na atazame nyuma yake.