Mfalme Aliyefuta Hodi

Paukwa!

— Pakawa!

Hamjala leo, nini? Paukwa!

— Pakawa!

Ehee. Pakawa nini?

— Pakawa mlango!

Na mlangoni?

— Pana mtu!

Anasemaje?

— Hodi!

Haya, karibuni, na midomo mfunge.

Hapo kale, katika mji wa Kitopeni, alitawala mfalme akiitwa Gombera. Mfalme gani huyo, jamani! Tumbo mbele, akili nyuma, na pembeni waziri wake Chande, kazi yake kumpepea na kumdanganya. Mfalme akipiga chafya, waziri husema, "Ngurumo ya neema, Mola wangu." Mfalme akijikwaa, waziri hulichapa jiwe.

Katika mji huo alikaa Bi Mwaija, mwosha maiti wa kike. Msidhani alikuwa shujaa. Alikuwa mwoga kama wewe hapo unayejificha nyuma ya mwenzio. Akiwaona askari njia hii, hupita njia ile. Ndugu yake alikuwa mmoja tu, dada yake mkubwa, Mgeni, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Mwaka wa kwanza mfalme akatamani nyama. Askari wakaja na kamba, wakaswaga mbuzi wa mji mzima, na wawili wa Bi Mwaija wakiwemo. Watu wakafanyaje? Wakasema, "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Wakaubusu.

Mwaka wa pili mfalme akataka jumba la mawe, refu kupita minazi. Wanaume wakabeba mawe, wanawake wakabeba mawe. Mgeni akabeba mpaka kifua kikambana. Watu wakafanyaje? Wakasema, "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Wakaubusu tena, hata haya hawana!

Waziri akamwambia mfalme, "Unaona wanavyokupenda, Mola wangu? Hata pumzi hawatoi."

Na yule bwege akaamini. Mtu akikanyagwa akanyamaza, yeye hudhani amefurahi.

Mwaka wa tatu askari wakamlalamikia. "Ewe mfalme, tukienda kuwatoa watu waende kazini, tunapiga hodi. Nao wakisikia hodi, wanatorokea uani."

Mfalme akauliza, "Kwani nyumba zile za nani?"

"Zako, Mola wangu," waziri akajibu mbio.

"Na mwenyewe hupiga hodi kwake?"

"Hapigi! Ama kweli wewe ni bahari ya hekima!"

Siku hiyo hiyo, Jumanne, mpiga mbiu akapita na pembe yake: "Sikilizeni! Nyumba zote ni za mfalme, na mwenyewe hapigi hodi kwake! Hodi imefutwa! Atakayeitamka atachapwa viboko!"

Nanyi mnaijua hodi, sina haja ya kuwafundisha. Unasimama nje, unaita mara moja, mara mbili, mara tatu. Ukiambiwa karibu, unaingia. Usipojibiwa, unageuka unakwenda zako, hata kama unawasikia wenyewe ndani wanatafuna. Ndiyo adabu.

Ijumaa asubuhi Mgeni akafa. Kile kifua cha mawe hakikumwachia. Bi Mwaija akapasha maji, akafunga mlango, akaanza kumwosha dada yake, taratibu, huku machozi yanamdondoka. Mgeni alikuwa mtu wa stara. Maisha yake yote, ukimtoa marehemu mumewe, hakuna mwanamume aliyeziona hata nywele zake.

Mlango ukapigwa teke.

Askari watatu hao, ndani! Wanaume na viatu vyao, mpaka kwenye kitanda cha kuoshea.

"Huyu mbona hayuko kazini?" wa kwanza akauliza.

"Amekufa!" Bi Mwaija akalia, akajitupa juu ya dada yake kumsitiri. "Tokeni! Hamna mama nyie?"

"Labda anajifanya," akasema wa pili.

Wa tatu akamsukuma Bi Mwaija, akaivuta shuka. Akamtazama maiti, juu mpaka chini. "Kweli kafa," akasema. Wakatoka, hata mlango hawakuurudishia.

Bi Mwaija akamfunika dada yake. Akatafuta ule woga wake wa kila siku, asiuone. Ulikuwa umetoka na wale askari. Alipomaliza kumwosha na kumvika sanda, akatoka na mikono mibichi, akaenda kwa jirani yake, Bi Somoe. Akasimama nje.

"Hodi!"

"Shoga, nyamaza, utatuponza!"

"Hodi!"

"Mwaija, una wazimu?"

"Hodi!"

Sauti ndogo ikatoka ndani: "Karibu."

Bi Mwaija akaingia, akasimulia. Bi Somoe akaangua kilio. "Mimi jana walinikuta naoga," akasema. "Nimeona aibu kumwambia mtu. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Wakatoka wawili, wakapiga hodi nyumba ya tatu. Huko baba mkwe alivuliwa kilemba mbele ya wakwe zake. Nyumba ya nne, bibi harusi alifunuliwa shela hata bwana harusi hajafika. Kila nyumba ina lake, na kila nyumba ilidhani ni yenyewe tu. Mji mzima ulikuwa umeficha jipu moja! Kufikia adhuhuri, hodi zilikuwa zinaitikiana mtaa kwa mtaa, na mwenye kiboko hajui aanze na nani.

Mgeni akazikwa. Walipotoka makaburini, watu hawakwenda makwao. Walikwenda kwa mfalme.

Getini alisimama Mbwana, mwana wa Bi Somoe, na mkuki wake. Mama yake akamsogelea. "Mbwana, wenzako waliingia chooni kwangu bila hodi. Mimi nakupigia. Hodi, mwanangu."

Mbwana akatazama chini. Akaulaza mkuki. "Karibu, mama."

Sasa sikieni vituko. Ndani mfalme amejibanza nyuma ya mlango, waziri anamnong'oneza, "Usiitike, Mola wangu! Wakipiga tatu wasijibiwe, watarudi. Hawa ni watu wa mila."

Bi Mwaija akagonga mlango mkubwa. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya, ila tumbo la mfalme linanguruma.

Kisha sauti nyembamba ya mfalme ikapenya kwenye ufa wa mlango: "Mmepiga tatu, hamkujibiwa! Rudini makwenu! Mila ni mila!"

Watu wakatazamana. Halafu wakacheka. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

"Mila ipi?" Bi Mwaija akauliza. "Si uliifuta Jumanne? Na haya mawe, nani aliyabeba? Dada yangu ameyafia. Mwenyewe hapigi hodi kwake!"

Wakausukuma mlango, puu! Waziri alikuwa wa kwanza kuruka upande wa watu. "Nilimwambia mimi! Nilimwambia!" Wakamtwika jiwe, alirudishe lilikotoka.

Mfalme wakamkuta chini ya kitanda, makalio nje. Akatolewa. Akasema, tena kwa kilio, "Niliwala mbuzi wenu, mkanyamaza. Niliwabebesha mawe, mkanyamaza. Leo mnanipindua kwa kineno kimoja?"

Bi Mwaija akamjibu, "Mbuzi tuliwalilia ndani. Migongo tuliikanda ndani. Huko ndani ndiko tulikokuwekea subira. Ukaingia mwenyewe, ukaimwaga."

Hawakumpiga. Walimtoa nje, basi. Akaondoka na kanzu yake moja.

Siku ya pili, jua la utosi, njaa ikamrudisha mtaani. Akafika mlango wa kwanza, akataka kuingia tu, akafukuzwa kwa ufagio. Mlango wa pili, ufagio. Mlango wa tatu ulikuwa wa Bi Mwaija, naye alikuwa ndani anachambua mchele wa matanga ya dada yake.

Mfalme akasimama nje. Akafungua mdomo, neno halitoki. Miaka hamsini duniani hajapata kulisema! Akajaribu, likakwama. Akajaribu, likapinda. Jasho likamtoka. Watoto wakakusanyika kutazama.

Mwisho likatoka. "Ho... hodi."

Bi Mwaija akasikia. Akatoa chuya moja, akaitupa.

"Hodi!"

Akapepeta.

"Hodi, mama yangu, hodi!"

Bi Mwaija akautazama ukuta, mahali kilipokuwa kile kitanda cha kuoshea. Akainama, akaendelea na mchele wake.

Mara tatu, hakuna jibu. Nanyi adabu yake mnaijua. Mfalme akageuka, akaenda zake.

Nami hadithi nimewafikishia mlangoni. Ikiwa tamu, ingieni nayo. Ikiwa chungu, mpelekeeni mfalme wenu, ila mpigieni hodi kwanza.

— Akikaa kimya?

Hesabuni mpaka tatu.