Ekari Kumi za Kelele

Mpunga wa Mzee Mwambungu ulipoanza kukaza punje, ndege walivamia. Akamwita Tusekile, mpwa wake wa kidato cha pili aliyekuwa akimlea.

"Kuanzia kesho shule basi. Utafukuza ndege mpaka tuvune."

Tusekile alipiga goti. "Sawa, mjomba. Ila ekari kumi kwa mdomo mmoja? Nitakuletea watu arobaini. Hawataki hata senti, makande ya mchana tu."

Arobaini wa bure! Mzee nusura acheke.

Kesho yake wale arobaini wakaja na kijana mmoja mwenye kofia pana, aliyepanda juu ya tuta na kupaza sauti. Wale arobaini wakaitikia: "Haidrojeni! Heliamu! Lithiamu!" Ndege wakatawanyika.

"Maneno gani hayo?" aliuliza Mzee, ambaye hakuwahi kukanyaga shuleni hata siku ya kikao cha wazazi.

"Ya wataalamu, mjomba. Ndege hawayawezi."

Kila baada ya dakika arobaini alipanda mpiga kelele mwingine. Kupumzisha koo, Mzee alijiambia, akaagiza maharage yaongezwe.

Siku ya mavuno, yule wa kwanza alivua kofia, akatoa daftari la mahudhurio.

"Mimi ni mwalimu wa kemia, mzee. Wenzangu tuliopokezana juu ya tuta nao ni walimu. Wiki sita hakuna mwanafunzi aliyekosa kipindi, na saba walioacha shule wamerudishwa na makande yako. Tunashukuru sana."

Mzee alimgeukia mpwa wake kwa hasira. Tusekile akapiga goti tena.

"Mkuu wa shule anakusalimu, mjomba. Anauliza mwakani utalima ekari ngapi."