Mbwa Aliyekanwa Birkental

Hapo zamani, huko Ujerumani, katika mji mdogo wa Birkental, hata mbwa walitozwa kodi. Msicheke, ndiyo sheria yao. Mkusanya kodi alikuwa kijana mmoja mpole, Gotthold, mwenye haya nyingi na ndevu chache.

Mjini palikuwa na mbwa aitwaye Waldi. Alilala kwa Hedwig, mwoka mikate, karibu na tanuri. Alikula kwa Kunz, mchinjaji. Lakini Gotthold alipobisha hodi, Hedwig alisema mbwa ni wa Kunz. Akaenda kwa Kunz, naye akaapa mbwa ni wa Hedwig. Na mbwa asiye na mwenyewe, sheria ilisema auawe.

Gotthold akamtazama Waldi, Waldi akatikisa mkia. Huruma ikamshinda kijana wa watu. Akaandika kwamba mbwa ni wake, akamlipia kodi, na kila mwaka akafanya vivyo hivyo, kimya.

Gotthold akasomea sheria, akapanda cheo hata akawa hakimu. Waldi naye akazeeka. Siku moja binti wa meya akatumbukia katika bwawa la kinu cha maji, na Waldi akamvuta nje kwa upindo wa gauni. Meya akatangaza kwamba mbwa huyo hatatozwa kodi tena, na mwenye mbwa ataongoza naye maandamano ya sikukuu ya mavuno. Ama kweli, mwenye mbwa hakukosekana tena! Hedwig na Kunz wakafika mahakamani wakisukumana.

"Nimempa joto tangu alipokuwa mdogo," akasema Hedwig.

"Na asingekula kwangu, angepata wapi nguvu za kuogelea?" akauliza Kunz.

Hakimu alikuwa mtu wa peke yake. Hakutaka maandamano, alitaka Waldi alale miguuni pake jioni. Akavua joho, akashuka kitini.

"Mlipomkana, mimi nilimlipia kodi," akasema. "Bila mimi angeuawa. Nami nampenda."

Hedwig akainamisha kichwa, kisha akasema kwa adabu, "Mheshimiwa, hukumpa hata mfupa. Tena kesi ya nyani aamue nyani mwenyewe?"

Waldi alikuwa amelala katikati yao, anakoroma.

Haya, nyinyi mnaopenda kuhukumu. Wawili walidanganya wakamkana waliyemlea. Mmoja alidanganya akamwokoa asiyemlea. Je, nani alistahili kurudi nyumbani na Waldi?