Fisi na Pombe ya Bi Nungunungu

Enzi hizo wanyama wakipika na kulewa kama watu, mvua iliisusa nyika na mtama ukaadimika. Ghala moja tu lilikuwa na nafaka, la Bwana Fisi. Alilijazaje? Tusiulize, tusije tukaambiwa tunasengenya.

Bi Nungunungu alikuwa mpika pombe. Alikuwa na chungu kimoja alichorithi kwa mamake, na siku pombe ikiiva majirani waliifuata kwa pua. Sasa chungu kilikuwa kikavu, na moyo ulimuuma kukitazama. Akaenda kwa Fisi kuomba mtama.

"Beba tu," Fisi akasema, mate yakimdondoka. "Ila nusu ya pombe ni yangu, na nataka inyweshe nyika nzima!"

"Bwana, mimi huwapikia majirani. Kimea hakiharakishwi."

"Bibi wee, nimewapa mtama wapishi kumi. Tisa wakianguka, mmoja akivimba kwa faida atanilipia wote."

"Wewe una wapishi kumi," Bi Nungunungu akajibu, "mimi nina chungu kimoja. Kikianguka, nimekwisha."

Lakini mwenye shida hachagui. Akaubeba mtama.

Kuanzia hapo Fisi hakumpa nafasi ya kupumua. Kila asubuhi alifunua chungu na kufoka, "Mbona haiongezeki?" Akamimina maji. Pombe haijachachuka, akamwalika Simba aje kuionja.

"Mfalme akiisifu," akamwambia bibi, "chungu nakitwaa, nawe utanipikia kama kibarua."

Bi Nungunungu akalia kwa jirani yake, Sungura. Sungura akacheka hadi masikio yakamtikisika.

"Shangazi, futa machozi. Kesho akiitaka pombe yote, mpe yote, tena mbele ya watu."

Simba alifika, manyoya yamechanwa vizuri. Sungura akauliza kwa adabu, "Pombe hii ni ya nani, tumsifu?"

"Yangu!" Fisi akaruka. "Tone kwa tone! Huyu bibi ni kibarua tu."

"Ni kweli, bibi?" Simba akauliza.

Bi Nungunungu akakumbuka neno la Sungura. "Kweli, Mfalme. Pombe yote ni yake."

Simba akapiga funda moja, akalitema. "Hii ni pombe au maji ya kuoshea vyungu?"

Wote wakamgeukia Fisi. Mila ya nyika aliijua tangu utotoni, ila pupa ilimsahaulisha: pombe ikitemwa na mgeni, mwenyewe huimaliza peke yake.

"Nusu ni ya bibi!" akabweka.

"Umeshasema tone kwa tone," Simba akanguruma. "Kunywa!"

Fisi akanywa. Ile pombe ambayo haikupewa muda chunguni ikaanza kuchachukia tumboni mwake. Akavimba, akabeua, akatimkia porini huku akijikamata tumbo, nyika nzima ikimzomea. Simba akaamuru chungu kibaki kwa bibi na mtama wa ghalani ugawiwe wapishi.

Bi Nungunungu akaloweka kimea upya, akakaa kando yake akisubiri, amefurahi kweli. Wahenga hawakukosea: mwenye pupa hadiriki kula tamu.