Kiti Kimoja cha Fundi Mitambo

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani yangu si ya mababu, ni ya juzi tu, huko Tukuyu walikuwepo watu watatu, Atupele, Lusekelo na Gwakisa, waliosomea ufundi wa sauti kwa mtandao. Walikuwa na laptopu moja, ya Atupele, na hedifoni moja ya waya, zile ndogo za kuchomeka masikioni. Mwalimu wao alikuwa mbali, hawakuwahi kumwona. Siku ya kwanza aliwaandikia: "Masomo ninayo, fimbo sina. Anayetaka kujua ajisukume mwenyewe."

Wao wakayatazama masomo kama sinema, wakitikisa vichwa. Mtihani ulipokuja, wote watatu wakaanguka vibaya.

Atupele aliumia. Alikuwa ameacha cherehani na kuwatangazia watu sokoni kwamba atakalia kiti cha fundi mitambo katika redio ya jamii, na Atupele si mtu wa kumeza maneno yake. Akabandika ratiba ukutani. Akawa anasikiliza somo moja, analisimamisha, anafanya kwa mkono wake mpaka litii. Halijatii, hagusi la pili.

Lusekelo akashika njia yake, nayo ni kuuliza. Alimuuliza mwalimu, akawauliza wanafunzi wa nchi asizozijua, akauliza hata maswali ya kuchekesha. Walimcheka, akauliza tena.

Gwakisa hakukaa kitini kabisa. Alizunguka na simu yake akirekodi mvua, maana Tukuyu mvua haiadimiki. Mvua juu ya bati, mvua juu ya migomba, mvua juu ya nyasi. "Huyu anacheza," alisema Atupele, na wala hakunong'ona.

Gwakisa akiwa nje, hedifoni ikabaki ya wawili. Atupele alivaa upande wa kushoto, Lusekelo wa kulia. Hivyo kila siku, miezi minane.

Basi mkuu wa redio, Mama Mwasandube, akatangaza: "Nileteeni wimbo wa kwaya uliorekodiwa vizuri. Aliyeutengeneza atapata kiti." Wakaialika kwaya. Kwaya ilipofungua kinywa tu, mvua ikashuka juu ya bati, hata mpiga ngoma hakuisikia ngoma yake.

Gwakisa akasema, "Twendeni jikoni kwa jirani yetu bibi Tumpe. Lile jiko lililoezekwa nyasi. Nimelirekodi mara kumi na moja, mle mvua haisikiki." Wakabanana kati ya masufuria, wakaimba, na kweli mvua haikusikika.

Siku tatu Atupele akazichanganya sauti, hii akiipandisha, ile akiishusha, mpaka akatabasamu. Akampa Lusekelo upande wake wa kulia wa hedifoni asikilize.

"Dada Atu, mbona akina mama hawapo?"

"Wapo. Nawasikia."

"Kwangu hawapo. Nasikia besi tupu, sauti nzito za wanaume, zinanguruma."

"Lusekelo, wapo."

Lusekelo akafanya lile alilozoea, akamwandikia mwalimu yote, hata nani huvaa upande upi wa hedifoni. Mwalimu akajibu: "Mara ya mwisho mtu mmoja kuvaa pande zote mbili ilikuwa lini?"

Wakahesabu: miezi minane, hata mara moja. Atupele aliona aibu mpaka shingoni. Alikuwa ameutengeneza wimbo mzima kwa sikio moja, na upande wa pili besi zilikuwa zimewafunika akina mama. Akavaa pande zote mbili, akaanza upya tangu mwanzo, na safari hii wimbo ukakaa sawa.

Mama Mwasandube aliusikiliza mara mbili. "Aliyetengeneza ni nani?"

"Ni mimi," akasema Gwakisa. "Bila mimi mngemletea mvua."

"Ni mimi," akasema Lusekelo. "Bila mimi mngemletea nusu ya kwaya."

"Ni mimi," akasema Atupele. "Mvua ilikwepwa, swali liliulizwa, lakini aliyeuchanganya wimbo kwa mikono yake ni mimi, mara mbili."

Mama akacheka. "Mmejifundisha wenyewe, amueni wenyewe. Kila mtu aandike jina moja. Litakalotokea mara mbili, huyo ameketi. Yakiwa matatu tofauti, namwita fundi wa mjini na sitaki kusikia lawama."

Gwakisa akaandika Gwakisa, hakuficha. Lusekelo akaandika Lusekelo, naye hakuficha. Kalamu ikamfikia Atupele.

Akijiandika, atakuwa amesema kweli, na kiti kinakwenda kwa mgeni. Akimwandika Gwakisa, anamkalisha yule aliyemwita mchezaji. Akimwandika Lusekelo, anamkalisha mtu ambaye hajawahi kuchanganya wimbo hata mmoja. Nao sokoni wanamsubiri.

Kalamu bado iko mkononi mwake, wenzangu, na Mama anatazama saa. Je, ninyi mnasema nani alistahili kile kiti, na Atupele aandike jina la nani?